Waliotoka Kabla ya Santuri

Nyumbani kwetu Temeke redio ilikaa juu ya kabati la vyombo, na baba mdogo, aliyefanya kazi bandarini miaka mingi, alikuwa akiisikiliza amefumba macho. Wimbo ukianza, kabla mwimbaji hajamaliza ubeti wa kwanza, atakwambia: hii ni ya kabla Gurumo hajahama. Au: hapa Bitchuka kesharudi. Kwake hapakuwa na kitu kinachoitwa Sikinde tu, ile bendi ya dansi ya Dar walikoimba hao wawili. Palikuwa na Sikinde ya watu fulani wa kipindi fulani, na ukichanganya vipindi anakusahihisha taratibu, kama mtu anayekukumbusha jina la shangazi yako.

Nilipokuwa kidato cha tatu, rafiki yangu mmoja ambaye kaka yake alikuwa baharia aliniazima sidii mbili za Iron Maiden, bendi ya hevi metali ya Uingereza. Moja ilikuwa albamu yao ya kwanza ya 1980, nyingine The Number of the Beast ya 1982. Nilizipiga jioni moja sebuleni, sauti ya chini, nikitegemea kuambiwa nizime makelele. Baba mdogo alikuwa kwenye kochi na gazeti lake. Hakusema kitu. Ilipoanza ile ya pili akateremsha gazeti, akasikiliza nyimbo mbili nzima, akaniuliza, "Mwanangu, huyu mwimbaji wamemtoa bendi gani?"

Sikujua hata kwamba walikuwa waimbaji wawili. Nilikuwa nimezisikiliza zile sidii wiki nzima, na mzee asiyejua neno moja la kile kilichokuwa kikiimbwa alikuwa ameshasikia mhamo ndani yake.

Kesho yake baada ya shule nilikwenda intaneti kafe, nikalipia nusu saa, nikakaa saa mbili. Jibu la swali la baba mdogo lilikuwa Samson, bendi nyingine ya Uingereza. Lakini nilipofika kwenye jibu hilo nilikuwa nimeshapita kwenye orodha ya majina ambayo hayamo kwenye albamu yoyote, na ndiyo majina ambayo nimeishi nayo tangu wakati huo.

Iron Maiden iliundwa siku ya Krismasi, 25 Desemba 1975, mashariki mwa London. Aliyeiunda ni Steve Harris, kijana wa miaka 19, mcharaza besi, mchoraji wa ramani za majengo kwa kazi, na mtu aliyewahi kufanya mazoezi ya mpira na vijana wa West Ham United. Kabla ya hapo alikuwa kwenye bendi ya Gypsy's Kiss, kisha akajiunga na Smiler, ambako wenzake walikuwa wamemzidi umri. Aliwapelekea tungo zake. Wakamwambia zina mabadiliko mengi mno ya mwendo, hazipigiki. Akaondoka. Naona kila kilichofuata kilianzia hapo: hakutafuta bendi nyingine ya kumwajiri, alitafuta watu watakaokubali kupiga alichokuwa nacho kichwani.

Wa kwanza kukubali walikuwa Paul Day kwenye kuimba, Dave Sullivan na Terry Rance kwenye magitaa, na Ron Matthews kwenye dramu. Tazama hapo: magitaa mawili tangu siku ya kwanza. Shabiki yeyote wa Maiden ukimuuliza sauti ya bendi ni nini atakwambia ni magitaa mawili yanayokimbia bega kwa bega, na atawataja Dave Murray na Adrian Smith. Ni kweli hao ndio walioyafikisha mbali. Lakini viti viwili vilikuwa vimeshawekwa, na waliovikalia kwanza walikuwa Sullivan na Rance, ambao hakuna santuri ya Maiden yenye majina yao.

Onyesho lao la kwanza lilikuwa Mei 1976, ukumbi wa St. Nicholas kule Poplar. Baada ya hapo wakapata baa ya kupiga mara kwa mara, Cart and Horses, Stratford. Nilipomsimulia baba mdogo kwamba Poplar na Canning Town ni mitaa ya bandari, na kwamba miaka hiyo bandari za pale zilikuwa zikifungwa moja baada ya nyingine, alitikisa kichwa muda mrefu. Alitaka nimweleze zaidi habari za bandari kuliko za bendi.

Paul Day hakumaliza mwaka. Sauti alikuwa nayo, ila jukwaani alikuwa amesimama tu, na Harris alitaka mtu wa kuishika hadhira. Akaja Dennis Wilcock, ambaye Harris alimfahamu tangu Smiler. Huyu alikuwa amewapenda sana Kiss wa Marekani: alipaka uso rangi, alipitisha upanga mdomoni na damu bandia ikamtoka. Wilcock naye akamleta rafiki yake, mpiga gitaa kijana aitwaye Dave Murray. Sullivan na Rance hawakufurahi, na mvutano ukawa mkubwa hadi Harris akaivunja bendi kwa muda mwaka 1976, kisha akairudisha na Murray akiwa mpiga gitaa pekee.

Ungetegemea mambo yatulie. Mwaka 1977 akaongezwa Bob Sawyer kwenye gitaa la pili, Wilcock na Murray wakakosana, na Murray akafukuzwa pamoja na Sawyer. Dave Murray, ambaye leo hakuna anayeweza kuifikiria Maiden bila yeye, alifukuzwa. Akaenda kupiga na Urchin, bendi ya rafiki yake wa utotoni, Adrian Smith.

Novemba 1977 Harris alipanda jukwaa la Bridgehouse, Canning Town, na kikosi cha kuungaunga. Terry Wapram alikuwa kwenye gitaa, Tony Moore kwenye kinanda, na Barry Purkis kwenye dramu. Purkis ni yule ambaye baadaye alijiita Thunderstick na kupiga akiwa amejifunika uso. Onyesho lilikwenda vibaya. Kinanda hakikuoana na zile tungo, mwendo haukukaa. Harris akasafisha nyumba, akaanza karibu upya: akamrudisha Murray, na kwenye dramu akamwita Doug Sampson, mwingine aliyewahi kuwa naye Smiler.

Nimesoma watu wengi wakimwita Harris dikteta kwa sababu ya miaka hii. Siwezi kukubaliana nao. Dikteta hamrudishi aliyemfukuza mwaka mmoja kabla. Ninachokiona mimi ni kijana mwenye umri wa miaka 21 asiyejua bado watu wanakaaje pamoja, anayejua tu wimbo unatakiwa usikike vipi, na kila anapokosea mtu anatafuta mwingine, au anarudi kwa yule yule. Sisi wa Dar hili si geni kwetu hata kidogo.

Hapa nirudi kwa baba mdogo na jibu la Samson. Bruce Dickinson, mwimbaji wa ile sidii ya pili, aliimbia Samson. Mwaka 1981 Paul Di'Anno, mwimbaji aliyepatikana Novemba 1978 baada ya kukutana na Harris kwa bahati katika baa moja ya Leytonstone na kuimba albamu mbili za kwanza, alikuwa ameanza kushindwa kuhimili safari na maisha aliyokuwa akiishi. Agosti meneja Rod Smallwood alimwona Dickinson kwenye tamasha la Reading, na mwezi uliofuata alikuwa mtu wa Maiden. Mkataba wake wa zamani ulimzuia hata kuandikwa jina kama mtunzi kwenye albamu ya 1982, ile iliyofika namba moja Uingereza. Nilipofika hapo nikamwambia baba mdogo kwamba si mwimbaji peke yake. Clive Burr, mpiga dramu wa albamu zote tatu za mwanzo, naye alitoka Samson. Na aliyechukua nafasi ya Burr kule Samson ni Thunderstick, yule aliyekuwa Maiden usiku ule wa Bridgehouse.

Baba mdogo aliketi wima. "Kumbe ni Msondo na Sikinde," akasema.

Basi jioni ile nikapewa historia ambayo shuleni hakuna aliyenifundisha. Msondo ilianza 1964 ikiitwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, na kila chama kilipobadili jina nayo ikabadilika: Juwata, kisha OTTU, hadi ikabaki Msondo Ngoma. Mlimani Park, ndiyo Sikinde yenyewe, ilianza 1978, na waliounda uti wake wa mgongo walitoka bendi nyingine, akina Michael Enoch, Cosmas Chidumule, Muhiddin Maalim Gurumo, Hassani Bitchuka. Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima akaja na fedha, akanyakua wanamuziki sita wa Mlimani Park kwa mpigo, Gurumo, Bitchuka na Abel Balthazar wakiwamo, wakaunda International Orchestra Safari Sound, wana Ndekule. Baba mdogo alikuwa kijana wakati huo. Anasema Kariakoo watu walizungumza habari hiyo kama msiba, halafu wakaenda kuwasikiliza Ndekule kwa sababu hawakuweza kujizuia. Miaka michache baadaye Ndekule haikuwapo tena, na wengine walikuwa wamerudi walikotoka.

Ila kuna tofauti moja ambayo nimeifikiria sana, nayo ni vyombo. Kwetu mwanamuziki wa dansi alikuwa mwajiriwa. Magitaa, spika, dramu, hata jina la bendi, vyote vilikuwa mali ya chama, shirika au tajiri. Mlimani Park tangu 1983 ilikuwa chini ya DDC, shirika la maendeleo la jiji. Mtu akihama anaacha gitaa kwenye kiti na kutoka na sauti yake tu. Kwa hiyo alihama kwa sababu za mwajiriwa: mshahara, nyumba, ahadi ya vyombo vipya. Maiden wa miaka ile hawakuwa na mwajiri. Hakuna aliyemfuata Harris kwa mshahara, kwa sababu haukuwapo. Walitoka kwa sababu za kupendana na kukosana, na waliobaki walibaki kwa ajili ya tungo. Ndiyo maana naona kule mtu akitoka palibaki kidonda, na huku mtu akitoka palibaki pengo la mchezaji, kama kwenye mpira, na angeweza kurudi msimu mwingine bila kuomba radhi. Sisemi ipi ni bora. Kwa afya ya moyo naona yetu.

Nayasema haya kwa sababu na mimi nimewahi kumtoa mtu.

Mwaka 2012 tulikuwa vijana wanne tuliotaka kupiga hevi metali Dar es Salaam. Mazoezi tulifanyia stoo nyuma ya nyumba moja Tabata, kati ya magunia ya mkaa na friji bovu. Mimi nilikuwa kwenye besi. Mpiga dramu wetu alijifunza kanisani, kwenye kwaya, na seti aliyokuwa akipigia tuliiazima huko huko kanisani. Ilikuja kwa bajaji mbili na kurudi kwa bajaji mbili kabla ya ibada ya Jumapili. Mchana alikuwa kiwandani, mara nyingine zamu ya usiku. Alikuwa mpole na alipiga kwa nguvu ambayo hukuitegemea ukimwona barabarani.

Umeme ulikatika mara nyingi sana. Magitaa yakinyamaza wenzetu wawili walitoka nje kupunga upepo, sisi tukabaki, yeye na dramu zake, mimi na besi isiyo na spika nikiibana kifuani nisikie nyuzi kupitia mbao. Nilikuwa nauona mkono wake wa kushoto kuliko kuusikia. Katika giza lile tulitengeneza mwendo wa wimbo wetu wa kwanza: unaanza taratibu, unasimama ghafla, halafu dramu inaingia yenyewe mapigo matatu kabla besi haijarudi. Yale mapigo matatu ni yake. Niliyakuta yapo, sikuyaomba.

Baada ya mwaka na nusu tukapata ahadi ya kurekodi. Yeye alikuwa akichelewa mazoezi, mara mbili hakuja kabisa, na mpiga dramu mwingine, aliyekuwa akipiga hotelini na mwenye seti yake mwenyewe, alikuwa tayari. Nilimwambia yule wetu wa kwaya kwa ujumbe wa simu kwamba tumemtoa. Sikwenda hata kwake. Alijibu "sawa kaka, mbarikiwe," basi.

Tulirekodi nyimbo tatu mwaka 2014, studio ndogo Kinondoni.

Ninapomsoma Doug Sampson huwa nasoma polepole. Yeye ndiye aliyekuwa kwenye dramu tarehe 31 Desemba 1978, Maiden walipokwenda studio ya Spaceward, Cambridge, kurekodi nyimbo nne katika mkesha wa mwaka mpya, wakati studio haina wateja. Hawakuwa na fedha za kununua kanda mama. Waliporudi baadaye na fedha wakakuta imeshafutwa, wamebakiwa na nakala tu. Nakala hiyo ndiyo Harris aliyompelekea Neal Kay, mpiga disko wa Soundhouse kule Kingsbury, aliyekuwa akitoa chati ya nyimbo zilizoombwa zaidi na wateja wake na kuichapisha kwenye gazeti la Sounds. Wimbo mmoja wa kanda ile, Prowler, ulipanda hadi namba moja ya chati hiyo mwaka 1979. Novemba walitoa nakala 5,000 za santuri ya nyimbo tatu kutoka kwenye kanda ile ile, wakaziuza kwa posta. Mwezi uliofuata kampuni ya santuri ya EMI ikasaini nao mkataba.

Na mwezi huo huo Sampson akatoka. Afya haikumruhusu kuendelea na maonyesho na safari. Kabla ya hapo usiku baada ya usiku alikuwa ameketi chini ya kinyago kikubwa kilichotundikwa nyuma ya dramu, babu wa Eddie, yule mzuka wa bendi tunayemjua kwenye majalada ya albamu, kinyago kilichotema maji mekundu na kumlowesha kichwa. Albamu ilipotoka tarehe 14 Aprili 1980 aliyekuwa akipiga ni Clive Burr, na gitaa la pili alilishika Dennis Stratton, ambaye naye mwishoni mwa mwaka huo huo alimpisha Adrian Smith. Burr ni mpiga dramu ninayempenda kuliko wote waliopita pale. Alivyoshika upatu ni kama mtu anayekimbia kwenye mchanga bila kuzama. Naye alitoka Desemba 1982, akaja Nicko McBrain, na Burr aliugua ugonjwa wa mishipa ya fahamu kwa miaka mingi hadi kufariki Machi 2013. Wenzake wa zamani walimfanyia maonyesho ya kumchangia. Lakini Burr jina lake lipo kwenye albamu. Sampson ameandikwa kwenye ile santuri ndogo ya kuuzwa kwa posta, na Ron Matthews, aliyekuwapo siku bendi inaundwa, hayumo hata humo. Ukihesabu walioingia na kutoka tangu Krismasi ile hadi albamu ya kwanza wanapita kumi.

Nilipopata nyimbo zetu tatu nilikwenda Temeke kumsikilizisha baba mdogo. Macho yalikuwa yameanza kumsumbua, masikio hayakuwa na neno. Akasikiliza wa kwanza akiwa amefumba macho kama zamani. Ulipofika pale panaposimama, yakaingia yale mapigo matatu, akanyanyua kidole.

"Huyu mpiga dramu ni mzuri," akasema. "Ila hapa anapiga mapigo ya mtu."

Nilimwambia ukweli wote, pamoja na ule ujumbe wa simu. Hakunilaumu. Aliniuliza tu huyo kijana anakaa wapi sasa.

Anakaa Mbagala. Ilinichukua karibu miezi miwili kupata ujasiri, halafu nikaenda Jumamosi moja mchana. Ameoa, ana binti, kiwandani ameacha, anapiga na bendi ya harusi na bado anapiga kanisani. Mke wake alituwekea chai na maandazi, akatuacha. Nilimwomba radhi. Akasema yameisha, akaniuliza habari za mama, akaniuliza kama lile friji bovu bado liko stoo. Ndipo nikatoa simu, nikampa spika za masikioni, nikaweka wimbo wa kwanza.

Alisikiliza akitazama chini. Vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vikigonga ukingo wa meza, nami nikawa navitazama kama nilivyovitazama gizani Tabata. Wimbo ulipokwisha aliurudisha nyuma mwenyewe, akasikiliza tena kipande cha katikati, akavua spika.

"Mzunguko wa tatu mnakimbia," akasema. "Yale matatu yasubiri kidogo. Mwambie jamaa ahesabu moja moyoni kabla hajaingia."

Jumanne mazoezini nikamwambia jamaa. Akahesabu.